Mistari Miwili kwenye Mkojo wa Januari

Wewe unayesoma hapa, ukiambiwa leo kwamba mkojo wako umekutaja kuwa mvuta bangi, utamwita nani akutetee? Mkeo? Padri? Mwenyekiti wa mtaa? Waite wote, na bado watu watakuambia kwamba mkojo haudanganyi.

Clemens alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Segese, maana kazi yake ilikuwa kuisemea mikojo ya watu. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati ya kampuni moja ya kusomba mawe ya mgodi, na madereva walimbandika jina la Bwana Mkojo. Alipopita kwenye kibanda cha chai nje ya geti, hakukosekana wa kumchokoza.

"Bwana Mkojo, leo nimekunywa soda nyekundu, usije ukaniandika natoa damu!"

"Kunywa na ya kijani," anajibu bila kugeuka, "nipate cha kusimulia nyumbani."

Nyumbani kwao ni Ushirombo, kwa wakulima wa mpunga. Baba yake alitaka awe padri, na kweli kijana akaingia seminari ndogo. Huko akagundua kwamba kilichokuwa kinamvuta siyo altare. Ni hadubini moja kuukuu iliyokaa kwenye kabati la mwalimu wa baiolojia. Siku aliyoona kwa mara ya kwanza vijidudu vikiogelea katika tone la maji ya bwawa wanalonywea ng'ombe wao, alikosa usingizi. Baba hakufurahi, lakini aliuza ndama akampeleka Mwanza kusomea maabara.

Alipoajiriwa alikuta upimaji wa dawa za kulevya unafanywa kama mchezo wa kuigiza. Dereva alipewa kikombe, akaingia nacho chooni, akatoka na mkojo wa yeyote aliyemfadhili. Mmoja aliutoa wa mwanawe kwenye kichupa cha gundi, wa baridi kama maji ya mtungi. Clemens akaweka utaratibu. Maji ya choo akayatia rangi ya buluu ili mtu asizimue. Kikombe akakishika kwa kiganja kabla hakijapoa. Kisha mkojo ukagawanywa katika chupa mbili mbele ya mwenyewe: ya kwanza ikapimwa pale pale, ya pili ikafungwa kwa utepe wa lakiri, mwenyewe akaweka saini juu ya utepe, ikaingia kwenye friji lenye kufuli. Anayeonekana msafi, chupa yake ya pili inamwagwa. Anayeonekana ametumia, yake inatunzwa. Yote haya aliyaandika kwa kalamu nene akayabandika ukutani, pamoja na sharti kwamba mtu yeyote mwenye shauri juu ya majibu haruhusiwi kushika ufunguo wa friji.

"Chupa ya kwanza ni ya kampuni," alizoea kuwaambia madereva. "Ya pili ni yako wewe. Usikubali mtu akunyang'anye."

Maana ukanda ule wa karatasi unaochovywa kwenye mkojo ni mbwa wa getini tu. Kazi yake ni kubweka. Wakati mwingine humbwekea mwizi, wakati mwingine humbwekea mgeni aliyekuja na zawadi. Jibu lenyewe hutoka kwenye mashine kubwa za maabara za Mwanza, zinazougeuza mkojo kuwa mvuke, zikatenganisha kila kilichomo, kisha zikaitambua kila chembe kwa uzito wake. Huko hakuna kukisia. Lakini kupeleka chupa Mwanza kunachukua muda na gharama, na kampuni haikupenda. Iliona ni rahisi zaidi kumfukuza mtu. Ndivyo tulivyofika mahali ambapo mashine ya kusema ukweli ipo, barabara ya lami ya kuifikia ipo, na bado mtu wa chini anahukumiwa kwa kubweka kwa mbwa.

Basi baba yake mdogo akafariki, Clemens akaomba ruhusa kwenda kuzika. Ufunguo wa friji akamwachia Agnetha, muuguzi wa zahanati, ambaye wote walimwita Mama Donatus. Akamwambia kwamba asipime mtu dawa za kulevya mpaka yeye arudi. Mama huyu alikuwa amefanya kazi katika zahanati za vijijini tangu Clemens hajazaliwa. Amezalisha wanawake kwa mwanga wa kibatari, amewatoboa vidole watoto wasiohesabika kuwapima malaria, na hakuna aliyewahi kumsikia akimkaripia mgonjwa.

Clemens akiwa huko msibani, matipa mawili yalikwaruzana kwenye kona ya kuingia mgodini. Jiwe likaruka kutoka kwenye mzigo, likamwangukia Dorika, mwanamke aliyekuwa anakaanga mihogo kando ya barabara. Mguu wake ulisagika, na madaktari wakaukata. Tipa moja liliendeshwa na Januari, mtu mzima, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kigango. Jingine liliendeshwa na Meshack, kijana mcheshi aliyependwa na kila mtu. Kila mmoja alidai kwamba mwenzake ndiye aliyehamia upande usio wake. Vumbi lilikuwa zito, hakuna aliyeona. Mgodi ukataka majibu siku hiyo hiyo, na Bwana Edward, afisa usalama wa kampuni, akaamua kwamba mkojo ndio utakaosema nani ana hatia.

Clemens aliporudi, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Pale kwenye kibanda cha chai hakuna aliyemtania. Walimwambia tu kwamba Januari amefukuzwa kwa bangi, na kwamba ndugu wa Dorika wanamtafuta. Akaenda moja kwa moja zahanati.

"Shikamoo, Mama Donatus."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Mmezika salama?"

"Tumezika, mama. Nasikia na huku mmepata wenu."

"We acha tu! Nilisema sipimi, Bwana Edward akasimama hapo mlangoni kama askari: mama, wewe umesoma vipimo miaka na miaka, unamsubiri mtoto wa juzi? Basi nikapima. Yule Januari, Mungu wangu, mtu anaimba mpaka unatamani kutubu, kumbe kifua kimejaa moshi! Na wala hapakuwa na wasiwasi. Mistari miwili, myekundu, imekolea kama malaria ya masika."

Clemens alikuwa anavua koti. Mkono mmoja ukanasa ndani.

"Mingapi, mama?"

"Miwili."

"Na Meshack?"

"Mmoja tu, ule wa juu. Msafi kama mtoto aliyebatizwa jana."

Clemens akakaa kitini na koti lake nusu mwilini, nusu sakafuni.

Katika nchi hii ya homa, nani asiyejua kusoma kipimo cha malaria? Mama mwenye mtoto mgongoni anajua. Mstari mmoja, kipimo kinafanya kazi na malaria hakuna. Mistari miwili, malaria ipo. Kipimo cha mimba nacho ni hivyo hivyo. Mkono wa Mama Donatus ulikuwa umeufuata mtindo huo maisha yake yote. Lakini ukanda wa bangi umetengenezwa kinyume. Mle ndani kuna rangi inayosubiri kwenda kushika mahali pake na kuchora mstari wa pili. Bangi ikiwemo kwenye mkojo, inaiwahi ile rangi njiani, na mstari hauchoreki. Bangi isipokuwemo, rangi inafika salama na mstari unaonekana. Kwa hiyo mistari miwili ni mtu safi, na mstari mmoja ni mtu aliyevuta. Maelezo yalikuwemo ndani ya boksi, kwa Kichina na kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Alimweleza taratibu. Mama wa watu alisikiliza huku anakunja na kukunjua glovu.

"Kwa hiyo Januari…"

"Ni safi, mama."

"Na Meshack yuko barabarani sasa hivi."

"Yuko barabarani."

Mama Donatus akamshika Clemens mkono. "Mwanangu, Donatus wangu anamaliza chuo mwaka huu. Wakijua, hawataniacha hata nichukue khanga yangu hapo msumarini."

"Kosa likisemwa na mwenyewe, mama, ni kosa tu. Aliyekulazimisha ni Edward, atalibeba yeye. Tutasimama pamoja, mimi na wewe."

"Wewe unasoma sana," Mama Donatus alisema kwa huzuni. "Unadhani watu wanabeba vyao."

Clemens akachukua ufunguo wake, akafungua friji. Chupa ya pili ya Meshack haikuwepo, ilikwisha mwagwa kama utaratibu ulivyotaka kwa mtu msafi. Ya Januari ilikuwepo. Utepe wa lakiri haukuwa umeguswa, na juu yake ilionekana saini ya Januari, ya kujivutavuta kama ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Vidole vya Clemens vikaufikia utepe. Ilikuwa kuukata tu, kuchovya ukanda mpya, mistari miwili itokee, mambo yaishe. Lakini chupa iliyofunguliwa bila mashahidi ni takataka. Wangesema ameweka mkojo wake mwenyewe. Akairudisha, akafunga kufuli, akaenda kwa Bwana Edward.

Bwana Edward hakufoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamimina chai katika vikombe viwili.

"Unajua unachokisema, kijana? Unasema mvuta bangi amesababisha mama wa watu kukatwa mguu, sisi tukampa hongera, na karibu juma zima anapita na mzigo kwenye barabara ya mgodi."

"Nasema tupime tena, bwana mkubwa. Tufungue chupa ya Januari mbele ya mashahidi. Meshack achukuliwe mkojo mpya leo. Na zote ziende Mwanza."

"Mgodi wakisikia, kesho hatuna mkataba. Madereva wote hao unaowaona watakwenda wapi? Kuingia mashimoni kuchimba dhahabu Nyarugusu?"

"Januari ameshakwenda wapi?"

Edward akatabasamu kama mtu aliyepigwa bao zuri. "Haya. Umenishinda. Kesho asubuhi meneja anakuja kutoka Kahama. Mwite Januari. Meshack nitamleta mimi. Tutafungua mbele ya wote."

"Asante sana, bwana mkubwa."

"Ila ufunguo niachie."

Clemens akasita.

"Wewe sasa ndiye mwenye shauri," Edward akasema kwa upole. "Mwenye shauri hashiki ufunguo. Si wewe mwenyewe uliyebandika pale ukutani?"

Na kweli ni yeye. Hata alisikia fahari fulani moyoni, kwamba angalau kuna mkubwa mmoja aliyesoma karatasi ile mpaka chini. Akautoa ufunguo, akauweka mezani kando ya kikombe cha chai. Kijana aliyefundishwa kwamba sheria ikiandikwa vizuri inajilinda yenyewe, angefanya nini kingine? Vyuoni wanatufundisha kuandika utaratibu. Hawatufundishi nani atakayeukalia.

Jioni ile akaenda kwa Januari. Januari alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, yeye na mkewe Bernadina na watoto. Watoto walikuwa ndani wakati watoto wa wenzao wanacheza nje. Mlangoni mtu alikuwa amechora kwa mkaa sigara kubwa inayotoa moshi, na Bernadina alikuwa ameisugua mpaka rangi ya mlango ikatoka, lakini moshi bado ulionekana.

"Karibu, Bwana Mkojo," Januari alisema bila kicheko. "Umekuja kuchukua mwingine?"

Clemens akawaeleza yote. Januari alisikiliza kichwa kimeinama. Alikuwa amekwenda hospitali kumwomba Dorika radhi, ingawa hakujua kosa lake, na kaka zake Dorika walimfukuza mpaka barabarani. Kwaya ilimtumia ujumbe kwamba apumzike kwanza. Jumuiya ilipaswa kusali nyumbani kwake wiki ile. Wakahamia kwa jirani, na yeye aliwasikia wakiimba kupitia ukutani, besi haipo.

"Nilifika mahali nikaanza kujiuliza," alisema. "Labda nimevuta bila kujua. Labda moshi wa wale vijana wa karasha, wanaosaga mawe. Mtu wa maabara akikuambia kitu kiko ndani ya mwili wako, utabisha vipi? Wewe hujawahi kuingia humo ndani."

"Mkojo wako ulisema kweli. Sisi ndio tuliousoma kinyume."

Januari akainua uso. Kisha akaanza kucheka, kicheko kizito cha kwenye kifua, mpaka machozi, akamgeukia mkewe. "Mama Neema, umesikia? Mkojo wangu ni Mkristo kuliko jumuiya nzima!"

Bernadina hakucheka. Alikuwa ameshatoa koti la Jumapili na anatia mkaa kwenye pasi. "Hiyo chupa ipo kweli?"

"Ipo, shemeji. Lakiri haijaguswa, na saini yake iko juu."

"Na ufunguo unao?"

"Uko ofisini."

Pasi ikasimama juu ya koti kidogo. Kisha ikaendelea.

Asubuhi yake wakaenda pamoja, Januari amevaa koti lililonyooka, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia vikang'aa. Getini wafanyakazi wa zamu walikuwa wamepanga foleni ya ukaguzi. Mlinzi aliwaruhusu, kwa kuwa Clemens alisema wameitwa na Bwana Edward.

Walizunguka jengo la zahanati, na kwenye bomba la uani wakamkuta Mama Donatus ameinama. Utepe wa lakiri ulikuwa umenata kwenye kidole chake. Chupa ilikuwa mkononi imeelekea chini, na kilichokuwemo kilikuwa kimeshaingia mchangani pamoja na maji ya bomba. Bwana Edward alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Mama!" Clemens aliita.

Mama Donatus hakuinua uso. Aliendelea kusuuza chupa iliyokwisha takata.

"Umeme ulikatika usiku," Edward akasema. "Friji liliyeyuka lote. Sampuli iliyoharibika hutupwa, ndiyo kanuni. Na meneja ameahirisha safari. Nilitaka kukupigia."

Pale uani taa ya umeme ya mlinzi ilikuwa bado inawaka kutoka usiku.

"Ule ulikuwa wangu?" Januari aliuliza.

Alitazama mchanga uliolowa. Kisha akanyoosha mkono. "Nipeni chupa nyingine. Nitatoa mwingine sasa hivi."

"Baada ya juma zima?" Edward akasema. "Si umeshakunywa maziwa ya kutosha kujisafisha?"

Januari akaichukua chupa kutoka mkononi mwa Mama Donatus, naye akaiachia bila kushindana. Akatoka nayo haraka mpaka kwenye foleni getini, kila mtu anamwona. Akasimama katikati yao, akaanza kufungua mkanda wa suruali.

"Tazameni wenyewe!" alipaza ile sauti yake ya besi. "Mtaona unatoka wapi! Mtashuhudia! Bwana Mkojo, leta hiyo karatasi yako hapa!"

Mmoja akaguna, mwingine akaita, "Msuba huo umempanda!" na foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Wanawake wa jikoni wakaziba nyuso kwa khanga. Walinzi wawili wakamrukia Januari, koti likachanika begani, chupa ikaangukia kwenye kokoto. Clemens alijitosa katikati akipiga kelele kwamba mtu huyu ni safi, mtu huyu ni safi, lakini hakuna aliyesikia maneno. Waliona tu Bwana Mkojo akivutana na walinzi, wakazidi kucheka.

Bwana Edward alifika taratibu, kikombe bado mkononi.

"Mnaona wenyewe," aliwaambia wafanyakazi. "Ndiyo bangi hiyo."

Walinzi wakamkokota Januari pembeni, suruali ikimshuka magotini, ili njia iwe wazi. Geti likafunguliwa. Tipa la Meshack likatoka likiwa limejaa mawe. Dereva amekaza macho mbele, akapiga honi mara moja, akakunja kuelekea barabara kubwa.